Tangi Juu ya Maharage

Huko Juru, kwenye kambi yetu karibu na Mbarara, mtu akionekana na karatasi kubwa na rula, watu walinyamaza. Tulikuwa wakimbizi, mashamba tuliyolima hayakuwa yetu, na kila aliyekuja kupima tulimdhania amekuja kutuhamisha. Nilipoanza kuchora mimi, hata jirani yangu aliacha kunipitia twende kuteka maji.

Nilikuwa nimesomea uchoraji wa majengo Bukavu kabla ya kukimbia. Sasa tungejengewa tangi la maji, na mhandisi wa Mbarara alinipa maelezo ya ujenzi, kurasa za Kiingereza kizito. Alitaka niyageuze kuwa michoro ili wakaaji waelewe, wasije wakaleta fujo. Neno hilo la mwisho halikunipendeza.

Maelezo yalisema tangi litakaa kwenye ardhi tupu chini ya kilima. Nikachora duara mahali hapo, nikachora njia, nyumba na bomba, kisha nikabandika mchoro kwenye ukuta wa kanisa. Watu waliusogelea kama wanaosogelea nyoka wasiyejua kama amekufa.

Mjane mmoja akauliza kwa Kiswahili cha kwetu, "Hii ni njia yetu?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii ni kanisa?"

"Ndiyo."

"Sasa shamba yangu iko fasi gani?"

Kidole chake kilikuwa juu ya duara la tangi.

"Balikutuma," akasema polepole. "Unakula nabo, halafu unakuya kutudanganya na maji."

Kesho yake nikapima shamba lake, naye akinifuata nyuma. Nikalichora kwenye mchoro, pamoja na maharage yake, nikaupeleka Mbarara.

Mhandisi aliutazama, akanitazama. "Nani alikwambia weka maharage hapa? Huyu mwenye shamba ni ndugu yako?"

"Hapana. Njoo uone mwenyewe."

Alikuja, nadhani, ili anikamate na uongo. Akasimama katikati ya maharage yaliyoanza kutoa maua, mchoro mkononi. Halafu akapanda kilima na kuchomeka kijiti cha alama kwenye mawe, mahali pasipolimika.

Tangi lilijengwa huko. Mjane hakunishukuru. Muda wote wa kuchimba msingi aliketi ukingoni mwa shamba lake, jembe mapajani, na nilipomsalimu aliitikia bila kuwaondolea macho wachimbaji. Sikumlaumu. Mimi mwenyewe nilipita pale kila asubuhi, kuhakikisha hawajaanza kuteremka shambani kwake.