Majina Mawili chini ya Paa Moja

Nilipokuwa mtoto pale Uvira, kando ya ziwa, niliogopa radi kuliko bunduki. Bibi yangu, Mkatoliki kindakindaki, alitufundisha kwamba Mungu akiombwa kwa dini mbili chini ya paa moja, radi hushuka. Basi nyumba ya Mama Zaituni, jirani yetu Mwislamu, niliipita mbio.

Uasi ulitufikia miaka michache baada ya uhuru. Asubuhi moja risasi zililia upande wa barabara ya Sange, na nyumba yetu ilikuwa ya nyasi. Mama Zaituni akatuita kutoka kwenye mlango wake wa matofali.

"Muje! Munangoja nini?"

Bibi alisita. Akanitazama, kisha akanishika mkono tukaingia.

Adhuhuri mvua kubwa ikashuka kutoka milimani. Mama Zaituni akatandika mkeka, akasali. Bibi naye akatoa rozari, akaanza kuomba. Mimi nilijibanza chini ya meza nikingoja kufa.

Radi ikapiga. Mchikichi wa uani ukapasuka katikati, na mbuzi aliyefungwa pale akafa papo hapo.

"Miye nilisema!" Bibi akalia. "Nilisema!"

"Kama iko inatafuta sisi, ingekosa nyumba?" Mama Zaituni akauliza polepole. "Mama, weye unaomba Mungu ya nani?"

"Ya Abrahamu."

"Na sisi ya Ibrahimu. Wayahudi walimujua mbele yetu sote. Iko mumoja."

"Lakini Yesu ni Mwana wake," Bibi akasema.

"Kwetu ni nabii. Mungu hana mwana."

"Na Wayahudi?" nikauliza kutoka chini ya meza.

"Wale wangali wanangoja Masiya," Bibi akasema, na wote wawili wakacheka, mara ya kwanza siku ile.

Tulikaa pale siku tatu, tukila muhogo wake Mama Zaituni, hadi risasi ziliponyamaza.

Leo mimi ni mtu mzima, na najua tofauti zile si ndogo, wala sijasikia aliyezimaliza. Ila tangu siku ile sijaweza kuamini kwamba Mungu huwakasirikia watu kwa kumwomba wakiwa pamoja.

Kwa miaka mingi baadaye wazee wale wawili walianika ndagala zao, wale dagaa wa ziwani, ufukweni wakibishana juu ya Yesu. Hawakukubaliana hata mara moja. Na asubuhi ambayo mmoja alichelewa, mwenzake alikwenda kumgongea mlango.