Tulipofunga Kisima cha Kanyangi

Wanafunzi wangu wa Kanyangi hawakuwa wameona bahari. Mimi pia sikuwa nimeiona, lakini mwalimu hasemi hivyo mbele ya darasa. Miaka ya sitini ilikuwa inaishia, na redio ilitangaza vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Nigeria, jinsi serikali ilivyotuma manowari kufunga bandari za waasi wa Biafra, silaha na chakula visiingie. Mwanafunzi mmoja akaniuliza bahari inafungwaje na haina mlango. Swali hilo lilinitoa jasho.

Nilikuwa mwalimu asiye na cheti. Mkaguzi wa shule alikuwa anakuja, na neno lake ndilo lingeamua kama nitabaki kazini au nitarudi kwa mama kulima mbaazi. Siku alipofika, nilimpeleka mtoni pamoja na darasa zima. Mto wetu ni mchanga mtupu; maji tunayachimba, na kila kisima kina ua wa miiba wenye mlango mmoja. Nikagawa darasa: hawa ni serikali, walinde mlango, wale ni waasi, wakae juani. Nikaeleza kwamba manowari hazifungi bahari yote, zinasimama mlangoni tu, kisha njaa inafanya kazi iliyozishinda risasi. Na vita vya ndugu, nikaongeza, ndivyo vikali kuliko vyote. Mkaguzi akaitikia kwa kichwa. Moyo ukanitulia.

Jua likawaka. Waasi wakaanza kulamba midomo. Ndipo msichana mmoja wa upande wa serikali, ambaye darasani hata kuitika jina lake ilikuwa kazi, akasogeza tawi la miiba, akachota maji kwa kibuyu, akawapelekea. Walinzi wenzake wakampisha. Niliona kazi yangu ikimwagika pale mchangani, na nilikasirika mpaka masikio yakapata moto.

Kwetu kisima kina mwenyewe, lakini maji hayanyimwi mtu, hata yule mliyeshtakiana naye kwa chifu. Mkaguzi hakuwa mtu wa kwetu. Akamwita msichana, akamuuliza mbona anawaponza wenzake.

"Mwalimu alisema hii ni vita ya ndugu," akajibu, macho chini. "Sasa ndugu utamnyima maji aje?"

"Na mkishindwa?"

"Basi tushindwe."

Mkaguzi akavua kofia, akachuchumaa mchangani na kuomba kibuyu, akanywa.

Kazi nilipewa, na nilishukuru, ila ninachojivunia si hicho. Redio iliendelea kutuambia kila jioni kwamba bandari bado zimefungwa na watoto wa kule wanakufa kwa njaa. Kila nilipoisikia nilijua, na ninajua hata leo, kwamba kama darasa langu lingekuwa ndani ya manowari zile, bandari zingefunguliwa kabla ya saa sita mchana.