Rekodi Namba Kumi na Tisa

Mtunza mitambo wa maabara ya lugha pale chuo kikuu alikuwa mtu wa kushuku, na ni kazi iliyomfanya hivyo. Kwa miaka kumi na saba alikuwa amevaa hedfoni akiwasikiliza wanafunzi wa Kifaransa waliojifungia kwenye vibanda ishirini na vinne, kila mmoja na maikrofoni yake, na alikwishajua kwamba mwanafunzi akisema mashine imekataa, basi aliyekataa ni yeye mwenyewe kusoma. Walimwita Fundi Masikio. Kifaransa chenyewe hakukijua zaidi ya salamu na kuagana, lakini sauti za watu hazikumpotea: nani humeza mate kabla ya neno gumu, nani hugonga meza kwa kalamu, nani hucheka akikosea.

Kitindamimba wake, binti, alikuwa mwaka wa tatu papo hapo, akisomea Kifaransa na utamaduni wa wenye lugha hiyo. Nyumbani masomo yake yalikuwa burudani. Siku moja wakiwa mezani alieleza kwamba huko Ufaransa mgeni akialikwa chakula cha saa moja, hafiki saa moja kamili. Huchelewa kidogo kwa makusudi, ili mwenyeji apate nafasi ya kumaliza kujiandaa. Shangazi yake, ambaye katika maisha yake hajawahi kuwahi popote, alipiga makofi.

"Kumbe miaka yote hii mimi ni Mfaransa, na nyinyi mnanisema!"

Lakini wiki tatu kabla ya mtihani wa mwisho wa kuzungumza, vicheko hivyo viliisha. Binti alianza kujifungia chumbani na rafiki yake mmoja, msichana mpole ambaye darasa zima lilimwita Kimya. Fundi alikaa sebuleni na gazeti lake, halisomi, ametega sikio. Kutoka chumbani ilikuja sauti moja tu, ya binti yake. Ilisema maneno fulani, kisha ikayasema tena yale yale kwa namna nyingine. Watu wawili wanafanya mazoezi, mbona anazungumza mmoja?

"Mwenzako hana ulimi?" alimuuliza binti alipotoka kuchukua maji.

"Anao, Baba. Anasikiliza."

Jibu lilikuja haraka mno, na moyo wa Fundi haukutulia.

Habari za Kimya alizijua vizuri. Kwa kuandika, msichana yule aliwaacha wenzake mbali, hata mhadhiri wao, mama mmoja mkali waliyemwita Madamu, alikuwa akiwasomea wengine insha zake. Lakini mweke mbele ya maikrofoni, kinywa kinafungwa. Rekodi zake za mazoezi Fundi alikuwa nazo: dakika nane za mtu anayevuta pumzi. Mtihani wa kuzungumza alishaanguka mara moja. Akianguka tena, chuo ndiyo basi, na insha zake zote nzuri zingekuwa kazi bure.

Siku ya mtihani Fundi hakuruhusiwa kukanyaga maabara, kwa kuwa alikuwa mzazi wa mtahiniwa. Akaletwa karani kutoka ofisi ya juu kusimamia, kijana asiyemjua mwanafunzi yeyote kwa sura. Kila mtahiniwa aliokota namba kwenye kikapu, akakaa kwenye kibanda cha namba hiyo. Walipewa dakika arobaini wajiandae na kurekodi dakika nane za mazungumzo. Orodha ya majina na namba ilifungiwa ndani ya bahasha, ikabaki kwa Madamu, kwa sababu rekodi husahihishwa na watu wa chuo kingine wasiopaswa kujua nani ni nani. Utaratibu mzuri kabisa, ungefaa kama karani angeinua macho kutoka kwenye simu yake.

Saa tano asubuhi, mtihani ulipokwisha, Fundi alirudi kwenye mitambo yake. Kazi iliyobaki ilikuwa ya kawaida: asikilize mwanzo wa kila rekodi, ahakikishe ina sauti, kisha atie sahihi fomu. Alipofika namba nane alitabasamu. Kabla ya neno refu, mtu alivuta pumzi ikapiga mluzi mdogo puani. Pua hiyo ilivunjika binti yake alipoanguka kutoka kwenye bembea akiwa na miaka sita, na aliyembeba hadi hospitali ni yeye Fundi. Akaendelea na kazi yake kwa furaha.

Kwenye namba kumi na tisa, mluzi ule ule ulipiga tena.

Alirudisha nyuma. Akasikiliza. Sauti ilikuwa imeshushwa kidogo, imepunguzwa mwendo, lakini pua ni ile ile. Akapitia rekodi zote ishirini na nne, na pumzi ya Kimya hakuikuta popote. Walibadilishana viti! Binti yake alikuwa amefanya mtihani mara mbili, na sheria ya chuo kwa jambo hilo ilibandikwa mlangoni kwa herufi nene: wote wawili wanafukuzwa.

Mchana alikwenda nyumbani kula, akajifanya hana neno.

"Ulikaa kibanda cha ngapi?"

Binti aliweka kijiko chini. "Kwa nini, Baba?"

"Nauliza tu."

"Wewe si ndiye uliyenifundisha kwamba namba haitajwi?"

Hakuuliza tena. Angemwambia waziwazi anachokijua, lakini alihofia kwamba wakishalizungumza, watakuwa wamelipanga pamoja. Alirudi kazini na chakula hakijashuka, na kichwani njia moja imeshaanza kujitengeneza.

Mashine ikikosa kurekodi, mtahiniwa huitwa kesho yake akarudia mbele ya Madamu. Hakuna adhabu, hakuna maswali. Basi Fundi angefuta rekodi ya Kimya, aandike kwamba haikurekodi, msichana aje aseme kwa kinywa chake mwenyewe. Akipita, amepita kwa haki. Akianguka, ameanguka mwenyewe, na binti wa watu wengine asimwangushe binti yake. Lakini ya Kimya ni ipi?

Alijifungia akazisikiliza zote mbili mwanzo hadi mwisho, bila kuelewa hata sentensi moja. Namba nane ilitiririka dakika nane kamili, imechangamka, mahali fulani msemaji hata alicheka. Namba kumi na tisa iliishia dakika ya sita, imejaa vituo, kama mtu aliyechoka anayetaka kurudi nyumbani. Fundi alitikisa kichwa. Hapa hapahitaji Kifaransa, alijiambia. Nani atampa mwenzake kilicho bora, yeye abaki na makombo?

Akafuta namba kumi na tisa. Akajaza fomu: haikurekodi.

Asubuhi iliyofuata Madamu alifungua bahasha, akasogeza miwani, akatafuta namba kwa kidole. Kisha akamtazama Fundi kwa huruma.

"Pole, Fundi. Ni mwanao."

Fundi alishika ukingo wa meza. Alitaka kusema kuna makosa, angalia vizuri, lakini angesemaje, naye hakutakiwa kujua lolote? Binti aliitwa, akaja akipanguza uso, akaketi mbele ya Madamu. Sauti ilikuwa imemkauka. Alizungumza, akakwama, akaomba maji, akaendelea mpaka mwisho. Kupitia hedfoni, kutoka kwenye chumba cha mitambo, baba yake alisikia kila pumzi, na kila pumzi ilimchoma.

Binti alipomaliza alimvuta baba yake hadi ukumbini, akafunga mlango nyuma yao.

"Baba, miaka yote hii mashine yako imewahi kukosa kumrekodi nani?"

Fundi alivua hedfoni shingoni, akaanza kukunja waya wake.

"Ulizisikiliza rekodi zote mbili," binti alisema polepole. "Ukafuta ile mbaya."

"Nilidhani mbaya ni yake. Nilitaka kukuokoa, mwanangu."

"Yake nilianza nayo nikiwa na nguvu, nikampa nzuri. Mimi nikiitwa tena naweza kurudia. Yeye hawezi." Machozi yalimlenga, akayazuia. "Umekaa na mimi miaka ishirini na mbili. Ndivyo unavyonijua?"

Fundi aliona aibu mbele ya mtoto wake, aibu ambayo hakuwahi kuionja tangu awe baba. Kosa alilotaka kulizuia lilikuwa bado mle ndani, salama, kwenye namba nane, na sasa kosa lake mwenyewe lilikuwa limeongezeka juu yake.

Madamu aliita kutoka ndani kwamba fomu inasubiri sahihi. Alikwenda, akaitia sahihi.