Mpunga haupigi kelele

Admin, jina langu libaki kwako, maana ukweni wanasoma sana hii peji.

Mimi nina miaka 24, naishi upande wa Tinde, nina mke na mtoto mmoja. Shule niliishia la nne. Kuongea siwezi, nikitumwa naitikia tu.

Mvua ilivyonyesha tulipandikiza mpunga majaruba yote matatu. Ndiyo chakula chetu cha mwaka. Jumatatu nikaona tuta la juu linalozuia maji yasitoke jarubani panya wamelitoboa, maji yanavuja kidogo. Kazi ya nusu saa tu. Nimebeba jembe, simu hiyo, kaka yangu. Yeye anachimba dhahabu Mwakitolyo, ng'ombe zake nachunga mimi. "Wewe dogo, nimepigiwa simu ng'ombe wangu wako kwenye mahindi ya watu, umelala?" Nikakimbia. Narudi, mama mkwe ananiita, bati la nyumba yake linataka kuruka. Mkwe unamkataliaje? Hata usoni simwangalii.

Jumanne msiba. Kwenye nzengo yetu, umoja wa majirani, usipochimba kaburi la mwenzio unapigwa faini, na siku ukifiwa utazika peke yako. Nikachimba. Tumemaliza, wengine wamekaa kivulini, mimi natumwa kuni, mara maji. Nikasikia mmoja anacheka, "Mtumeni huyo, huyo neno hapana hajafundishwa."

Na kila nikipita naliangalia lile tuta. Tundu lilikuwa linakua, naliona kabisa, najisemea nikishusha hizi kuni nakuja.

Jumatano mvua kubwa ikalibeba tuta. Majaruba mawili miche yote imeenda na maji. Mke wangu alisimama kwenye matope, hakulia. Akasema, "Baba Limi, kwa kaka yako umefika, kwa mama yangu umefika, msibani umefika. Kwetu utafika lini?"

Nimekaa nikajichunguza, kumbe mimi naanza na anayepiga kelele zaidi. Mpunga haupigi kelele, unakufa tu.

Kitaluni imebaki miche ya kurudishia jaruba moja. Isipopandwa leo imekomaa, basi tena. Mke wangu ameinama anapanda, mimi naziba tuta. Na kaka anapiga, anataka ng'ombe wapelekwe joshoni kuogeshwa sasa hivi. Imeita mara nne sijapokea. Sijawahi kumfanyia hivyo tangu nizaliwe, jembe nimelichomeka tutani hapa ninavyoandika.

Nishaurini ndugu zangu, inaita tena. Nikipokea nimwambieje?