Ua Ambao Nyanya Hakuuezeka

Juzi nilirudi Nakuru na tepu mkononi kupima ploti ya nyanya yangu. Kazi yangu siku hizi ni kuchora majengo, na mama ameniomba nimchoree nyumba ya orofa ya kupangisha. Ukiwa barabarani unaweza kuipita ploti hiyo usiione. Imebanwa kati ya kinu cha kusaga mahindi na nyumba ya jirani, nyembamba na ndefu kama benchi la kanisani.

Niliipima nikicheka peke yangu. Zamani mimi na binamu yangu tuliipima kwa miili yetu: tulilala sakafuni, kila mtu kichwa ukutani kwake, nyayo zikigusana katikati. Kitanda cha nyanya kiliundiwa humo humo chumbani kwa sababu kisingekata kona ya koridoo. Fundi aliingia na mbao, akatoka na msumeno tu. Nilikaa mlangoni nikimwuliza kitatokaje siku tukihama. Akasema hakuna anayehama.

Lakini kilichonisumbua hasa ni ua. Kati ya chumba cha mbele na jikoni, nyanya aliacha sehemu wazi bila paa. Mvua ikinyesha tulikimbia na chakula tukikifunika kwa sinia, na bado omena zilifika mezani zikirudi kuogelea. Usiku tulilala tumebanana, ilhali hapo pangetosha chumba kizima. Kwa nini asiezeke? Nilimwuliza kila msimu wa mvua, na jibu lake lilikuwa lile lile: "Hapo si petu peke yetu." Mimi nilidhani anamaanisha kuku wetu waliozurura hapo.

Ukutani kwa jirani, upande wa ua wetu, kulikuwa na kidirisha kisicho na kioo. Nilikijua kama mlango wa chakula. Jirani alipitisha maziwa yaliyoletwa kwa baiskeli kutoka Njoro, nyanya akapitisha makaa yaliyoshika moto, na umbea mwingi ukapita humo, mwingine ukikatizwa nilipotokea. Nilitamani sana kujua kulikuwa na nini upande ule.

Sasa nyanya hayupo. Mama anataka vyumba vijaze ploti yote, ukuta hadi ukuta, na mchoro wangu wa kwanza ulikuwa hivyo. Nikiwa uani na tepu yangu, sauti ikatoka kidirishani.

"Si wewe ndio yule wa maswali? Kuja chai."

Alikuwa jirani yule yule, sasa ni mama mzee. Nikazunguka kwa mlango wake wa mbele. Maisha yangu yote sikuwa nimeingia jikoni mwake; vitu vilikuja vyenyewe. Niliingia, nikasimama. Nyumba yake nayo imebanwa upande wa pili, na jiko lile halina dirisha lingine. Mwanga wote uliokuwa juu ya sufuria, na juu ya mikono yake ikichambua mboga, ulitoka kwetu. Nyanya alikubali kunyeshewa miaka yote hiyo ili mwenzake aone anachopika. Niliona uchungu kwamba siwezi kumwambia nimeelewa, na papo hapo nikafurahi kama mtoto aliyejibiwa.

Nimechora upya. Mama amenuna kwa sababu kila orofa imepoteza chumba. Kile kitanda kilikatwakatwa ndipo kikatoka, kuku hawapo, na wapangaji watakaokuja hawatapitishiana makaa. Watakuwa na gesi. Ua utabaki, ila utakuwa chini kabisa, katikati ya kuta ndefu. Nilimwonyesha jirani mchoro, tukiwa tumeuinamia hapo kidirishani.

"Na jua litafika mpaka huku chini?" akauliza.

"Saa sita hivi, shosho. Kidogo tu."

Akatazama sufuria zake.

"Basi nitakuwa napika saa sita."