Lori la Sabuni Katanika

Zamani nilikuwa najiita fundi wa tovuti hapa Kalemie. Siku hizi naomba mniite jina langu tu.

Vita ilipowakimbiza watu hadi kambi ya Katanika, biro letu, yaani ofisi ya misaada, lilinipa kazi ya kutengeneza fomu ya mtandaoni. Kila familia ichague inachohitaji: turubai, blanketi, sufuria, sabuni. Niliweka visanduku ili mtu atie alama kwenye vyote anavyotaka. Nilipoijaribu fomu, nilijaza kama mimi mwenyewe, na kwa vile sina mke wala mtoto, nilichagua blanketi tu. Likatokea blanketi. Nikafunga kompyuta, nikaenda kula samaki wa mukeke.

Kambini niliuliza watu, nikajaza kwa simu. Majibu yalipofika biro, karibu kila familia ilitaka sabuni peke yake. Mwenye akili angeshtuka. Mimi nilimweleza mkuu wetu, kwa Kifaransa kizuri, kwamba watu hawa wanatanguliza usafi. Aliguswa sana.

Lori lilifika mvua ikinyesha. Tulishusha sabuni, na baada ya sabuni, sabuni.

Mama Feza, aliyekimbia kutoka Manono, akanifuata.

“Papa, nilikutajia vitu vinne. Nilikuona ukibonyeza vyote.”

Hapo nikaelewa. Visanduku vyote nilivipa jina moja, na fomu yangu ilibakiza alama ya mwisho tu: sabuni.

Mama Feza alinusa kitenge chake kilicholowa, akaniuliza polepole:

“Ile siku ulipotuuliza, tulikuwa tunanuka vile?”