Kipande cha Ngozi Laini

Ungempelekea fundi huyu wa viatu kiatu kimoja, angekurudishia hata kabla hujakaa. "Mwenzake yuko wapi?" angekuuliza, na hata ungemwapia wee kwamba cha pili ni kizima, hakina neno, angekutazama juu ya miwani mpaka urudi nyumbani ukakilete. Alisema viatu viwili vimekanyaga njia moja, na ukishona kimoja bila kumtazama mwenzake unatengeneza kilema. Watu wakamwita Jozi, na jina lake la ubatizo likabaki kwenye daftari la kanisa tu.

Alifanyia kazi barazani, upande wa barabara. Upande wa pili wa baraza hiyohiyo mkewe alipiga pasi nguo za watu. Miaka thelathini walikaa hivyo, huyu na gundi yake na misumari mdomoni, huyu na pasi yake ya mkaa, wakisemezana bila kuinua macho. Mke alikuwa na mkono wa kulia wa kuogopwa. Shuka zima alilinyoosha kwa mapito mawili. "Mkono huo ukinizaba kofi," Jozi alikuwa akimtania, "mtanizika nikiwa nimenyooka tayari." Na mke alikuwa akicheka kila mara, ingawa utani wenyewe ulishachakaa kuliko viatu vya mumewe.

Kisha ugonjwa wa sukari ukampata mume. Kilianza kidonda kidogo kwenye kisigino cha kushoto, Jozi akakipuuza, kidonda kikapanda. Siku aliyopelekwa hospitali alikuwa hajitambui, mguu umekuwa mweusi mpaka nusu ya muundi. Daktari akamwambia mke achague, mguu au mtu. Mke akatia sahihi.

Alipozinduka hakuomba maji. "Mguu wangu mmeuweka wapi?" aliuliza.

Mke akababaika. Hakuwa amefikiria. "Siku ile nilikuwa nakutafuta wewe, baba," alisema. "Mguu sikuukumbuka."

Mwanamume mwingine angelia kwa shukrani. Jozi aligeukia ukutani.

Sasa lazima nieleze alichokuwa akiamini, maana huyu hakuwa mjinga. Alikuwa mzee wa kanisa, na kwa miaka mingi alifundisha darasa la ubatizo. Aliwaambia wanafunzi wake kwamba mwili si nguo ambayo roho huivaa na kuivua; Mungu aliufinyanga mwenyewe, akaja akauvaa mwenyewe, akaumwa na njaa na kuchoka ndani yake, na siku ya mwisho atauita utoke ardhini. Mpaka hapo alikuwa sahihi kabisa. Wako wahubiri wakubwa wanaoudharau mwili, wangefaa waje wakae kwenye benchi lake wasikilize. Lakini Jozi aliongeza la kwake, alilolitoa kwenye viatu wala si kwa Mungu: kwamba kitakachoitwa lazima kiwepo, na kiwe kamili. Mtu asipelekwe kwa Muumba wake nusunusu.

Alipoweza kutembea kwa magongo alirudi hospitali peke yake. Akazunguka nyuma, kwenye tanuri la taka, akauulizia mguu wake kwa mhudumu aliyekuwa akikoroga moto kwa chuma kirefu.

"Mzee wangu, hapa tunachoma vyote pamoja," mhudumu alimjibu. Alikuwa mtu mpole, alizima hata sigara yake. "Pamba, bandeji, kila kitu. Jivu tunafukia kwenye shimo lile pale. Wako upo humo. Siwezi kukwambia zaidi."

Jozi alivua kofia, akasimama kando ya shimo kama mtu aliyechelewa mazishi. Akalia. Kisha akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo hakumruhusu mkewe kukiona kigutu cha mguu uliokatwa. Alikiosha mwenyewe mlango ukiwa umefungwa, akakifunga mwenyewe, akahamishia mto wake kwenye kochi la sebuleni. Mke alipobisha hodi na beseni la maji ya vuguvugu aliambiwa aliweke hapohapo nje.

"Nikuoshe mgongo basi."

"Mgongo haujakatwa."

Hayo ndiyo maneno aliyomjibu mwanamke aliyemwokoa.

Mchungaji akaja kumtuliza. Alikuwa kijana, mwenye haraka, lakini siku hiyo hakuwa na haraka.

"Mzee, waliozama baharini, walioungua, hao Mungu atawakosa?"

"Hao hawakuchanwa kwa sahihi ya mtu, mchungaji. Mimi nilitiwa sahihi."

"Na Bwana mwenyewe alifufuka na matundu ya misumari. Hakuyaziba. Aliwaonyesha wenzake, wakaweka vidole humo."

"Matundu ni jambo lingine," alisema Jozi. "Miguu alikuwa nayo yote miwili."

Mchungaji alikunywa chai yake akaondoka. Mke, aliyekuwa barazani na pasi, alisikia kila neno.

Jumapili iliyofuata Jozi aliomba kutoa ushuhuda. Alijikongoja mpaka mbele, akasimama na kiatu kimoja kilichong'arishwa, na suruali imekunjwa na kubanwa kwa pini. Kiatu cha pili alikuwa amekiacha nyumbani, nacho kimepigwa rangi, maana alivipiga rangi vyote viwili kila Jumamosi kama zamani. Akasema kwamba kama angeulizwa, angekataa. Akasema kisu si cha kuchezewa kwenye kazi ya mikono ya Mungu. "Afadhali mtu aende kaburini mzima," alisema, "kuliko kubaki duniani vipande vipande." Sauti yake ilikuwa nzuri, iliyokomazwa na miaka ya kufundisha, na watu wakaitika amina. Mke aliitika pia, kwenye benchi la akina mama, mikono imekunjwa kifuani.

Wiki mbili kabla ya hapo, akioga, alikuwa amegusa uvimbe kwenye titi la kulia. Mgumu, kama kokwa. Alikuwa amepanga kumwambia mumewe jioni ya Jumapili hiyohiyo, baada ya ibada, akishakunywa chai na moyo wake kutulia.

Hakumwambia. Jioni alimpa chai, akamwambia ushuhuda ulikuwa mzuri.

Wewe msomaji umeshaona tunakokwenda. Jozi hakuona, na alikaa hatua nne tu kutoka kwake. Mwezi wa tatu tangu ushuhuda ule, mke alianza kupiga pasi kwa mkono wa kushoto. Shuka likamtaka mapito sita, saba. "Mama, umekuwa mtu wa shoto uzeeni?" Jozi alimtania, utani wake wa kwanza tangu hospitali, na mke akafurahi mno kusikia utani hata akacheka mpaka akashika ubavu. Mwezi wa tano akaanza kuvaa koti joto likiwa kali. Mwezi wa sita akasimama mbele ya benchi la fundi, jambo ambalo si kawaida yake.

"Baba, una kipande cha ngozi laini? Ile ya kuwekea ndani ya viatu vya watoto."

"Ya nini?"

"Kuna mahali nguo inanikwaruza."

Jozi akachagua kipande kizuri, maana kwa kazi hakuwa mchoyo. Akakikata duara, akakipunguza kingo kwa kisu kama alivyozoea, akamkabidhi. Akarudi kwenye msumari wake. Angeinua macho wakati huo, angeuona uso wa mkewe, na habari hii ingeishia vingine. Hakuinua. Mwezi uliofuata mke aliomba kipande kingine, na kingine.

Alianguka asubuhi moja, pasi mkononi, shati la mteja likaungua. Jozi alitupa gongo moja akamfikia kwa kurukaruka. Majirani wakawabeba wote wawili hadi hospitali ileile.

Muuguzi alimfungua blauzi nyuma ya pazia. Harufu ilitoka kabla ya muuguzi. Alipotoka alikuwa ameshika bakuli la bati, na ndani ya bakuli, juu ya pamba zilizolowa, kulikuwa na kipande cha ngozi cha duara, kingo zake zimepunguzwa kwa kisu. Jozi alikitazama. Fundi anaijua kazi yake hata gizani.

Daktari alikuwa yuleyule. Hakumgombeza, na nadhani ingekuwa heri angemgombeza. Alisema tu kwamba uvimbe wa namna hiyo ukiwahiwa hukatwa, mtu akashonwa, akapona, na kwamba miezi sita au saba iliyopita angemfanyia kazi hiyo bila wasiwasi mkubwa. Sasa umeshaingia kwenye mapafu.

Jozi akakaa kando ya kitanda.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikuwa niseme ile Jumapili." Alikuwa akihema kidogo kidogo, akitafuta pumzi kati ya maneno. "Ukasema mbele za watu. Nami nikaitika amina. Nikaona nikikatwa, utanikimbia kitandani kabisa. Na siku ya mwisho tena, nitakuja kwako nina pengo."

"Bwana alifufuka na majeraha yake," Jozi alisema haraka, akiushika mkono wake. Alisema kama mtu anayetoa pesa kununua kitu kwenye duka lililokwisha kufungwa. "Matundu ya misumari, mama. Ubavu uliochomwa. Hakuyaona aibu. Si hoja mtu kukatwa. Si hoja kabisa."

Mke alimtazama bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Mchungaji alikwambia hivyo," alisema. "Nilisikia. Nikangoja ukubali."

Jozi, polepole, akachomoa pini ya suruali, akakunja kitambaa mpaka juu ya goti, akafungua bandeji ambayo kwa kweli hakuihitaji tena, akakisogeza kigutu kitandani. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuza uso.

Mke akanyoosha mkono wa kushoto. Akakipapasa kovu, mshono kwa mshono, kama anavyopapasa kola kuona kama imenyooka.

"Kimepona vizuri," alisema.

Alikaa siku nane. Kila asubuhi Jozi aliletewa beseni, akamwosha mwenyewe, mgongo, mikono, na mahali pale pabaya, na hakuna aliyefunga mlango. Siku ya tisa alifariki.

Walimzika na kila kiungo chake, hata kidole hakikupungua. Mchungaji alimwomba Jozi aseme neno kaburini, kwa kuwa alijua kusema. Jozi alitikisa kichwa kukataa. Watu wakaitika amina ya mchungaji, naye akaegemea magongo yake, midomo imefungwa.